Nepi Kavu

4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo umetulia? Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu unasikia nusu na nusu nyingine unajijazia mwenyewe.

Sisi wazima, ila mjukuu wako ana upele makalioni, nikimgusa tu anaruka. Nepi za kutupa zimemchoma na nimeapa sizirudii. Nataka za kitambaa. Lakini dukani nilisimama kama mjinga: kuna flaneli, kuna taulo, kuna pamba nyepesi, za kukunja, za vifungo. Baba yake yuko safarini na lori lake, na hata angekuwepo angechagua kwa rangi. Wewe ndiye fundi cherehani, niambie nishike ipi.

Nyumba tuliyohamia ni nzuri. Mwenye nyumba ametuachia kabati kubwa chumbani, na uani kuna kamba ndefu ya kuanikia, jua linapiga kutwa.

Mwanao

9 Februari

Mwanangu,

Marahaba, mama. Mgongo upo, unanisalimia kila asubuhi kabla yenu nyote.

Usinunue chochote. Nimekushonea mwenyewe, pamba tupu, kondakta wa basi atakuletea pamoja na barua hii. Sasa sikia vizuri, maana wewe na haraka mmezaliwa tumbo moja. Kitambaa kipya hakinyonyi maji. Kifue, ukianike, ukifue tena na tena mpaka kilainike, ndipo umvalishe. Ukimvalisha siku hiyohiyo mkojo utateleza juu yake, halafu lawama zote kwangu. Usitie dawa ya kulainishia nguo. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Na usimfunge chupi ya plastiki kutwa nzima, makalio nayo yanataka hewa.

Nibusie kikojozi wangu.

Mama yako

16 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nepi zimefika, nzuri mpaka naona haya kuzichafua. Nimeanza kuzifua kama ulivyosema, bado zinakwaruza.

Ila usininunie. Chini kabisa kwenye lile kabati nilikuta bunda la nepi za kitambaa, zimekunjwa vizuri, laini kama zimefuliwa miaka. Nadhani mpangaji aliyetangulia alizisahau. Nikazichemsha, nikamvalisha. Upele umeanza kukauka! Na cha ajabu, Mama, hazilowi. Ananyonya, anashiba, anacheua, nikifungua nepi naikuta kavu na inanukia sabuni. Mikono yangu imepumzika.

Kinachonichekesha ni hizi zako ninazoanika. Jua kali la mchana, naenda kuzianua, nakuta mojawapo imelowa chepechepe. Si maji, mkojo wa mtoto naujua. Paka wa jirani ana neno na mimi.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Salamu baadaye. Mtoto anayenyonya lazima akojoe, na asipokojoa anaumwa. Iache barua hii mezani, mbebe, mpeleke zahanati sasa hivi.

Ukirudi, mtafute mwenye nyumba umuulize nepi hizo zilikuwa za nani, na mtoto mwenyewe yuko wapi. Nguo ya mtoto usiyemjua humvalishi wako, sikukufundisha hivyo. Na paka gani anayepanda kamba kukojoa? Nina hofu, sikufichi.

Mama yako

24 Februari

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kukutia presha. Tulikwenda zahanati. Muuguzi alimfungua nepi ampime uzito, palepale mtoto akamkojolea mpaka kifuani. Tulicheka sote. Amesema mtoto mzima, ananenepa.

Tuliporudi nikamvalisha yako, ikalowa. Nikamvalisha ya kabatini, ikabaki kavu, na kule kambani mojawapo ya zako ikawa inadondosha matone. Nikambeba, nikatoka nje.

Mwenye nyumba nilimkuta anapaka rangi geti. Nilipomuuliza, brashi ikasimama. Akasema, "Yule mama alihama peke yake." Nikamwambia, na mtoto je? Akasema, "Mtoto nilimwona mwanzomwanzo tu. Baadaye kila nikipita namkuta mama yuko uani, anaanua na kuanika, anaanua na kuanika. Nikawa sisikii kilio ndani." Kisha akarudi kwenye geti lake, hakuniangalia tena.

Nilitaka kuzichoma zile za kabatini, Mama. Kiberiti nilikuwa nacho mkononi. Lakini upepo ulikuwa umeanza kuwa wa baridi. Nguo zote zinapepea, ile iliyolowa haipepei, imening'inia imetuna, kama kuna makalio ndani. Nikaona vibaya kumwacha na nepi mbichi kwenye baridi. Nikaianua, nikaanika kavu. Naapa, Mama, nilisikia mtu akishusha pumzi.

Mwanao

26 Februari

Mwanangu,

Nimekupigia simu tangu jana, inaita tu.

Zichome. Usizirudishe kabatini, usimpe mtu, zichomee hukohuko uani mpaka jivu. Kambani hakuna mtoto. Mtoto wako ni mmoja, nilikuwepo ulipomzaa, ulinibana mkono mpaka pete ikaingia nyamani. Huyo ndiye wako. Mkalishe mapajani, mvalishe nilizoshona mimi, zikivuja zivuje, godoro likioza nitanunua jingine. Usimtoe machoni. Ukisikia kitu uani, funga mlango, mwimbie wako.

Jumamosi nipo kwenye basi. Mwanangu, naogopa. Nakuomba mstari mmoja tu, mpe kondakta, uniambie amekojoa.

Mama yako anayekupenda

28 Februari

Mama,

Shikamoo. Habari za huko? Huku tupo, jua lipo. Nakuandikia nikiwa uani, kondakta anasubiri getini, siwezi kwenda mbali na kamba. Simu iko ndani, naisikia, ila nikiingia huku nje analia.

Nepi zako zimelainika. Ulisema kweli, ni kufua na kufua tu. Nimezianika zote na zinalowa vizuri, hazivuji hata kidogo. Mkono wako wa cherehani haujapotea, ila hazitoshi. Ukija Jumamosi njoo na nyingine, na ukishona ongeza upana kiunoni, maana anakua.

Usihangaike kumshonea wa chumbani. Hana shida yoyote. Hasumbui, halii, hata kunyonya hataki tena. Tangu juzi sijamkuta amelowa.

Mama yake