Nyani Aliyechukua Dawa za Mama

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya machimbo ya mawe.
Jumapili, 8 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji, na wale watundu wako wawili? Sisi huku wazima, na mdogo wako ndiyo usiseme. Nimezaliwa na nyota, Dada. Mtaa mzima unahangaika na nyani, ila mimi wakiniona tu wanatoka mbio. Wameshanijua.

Kwanza tulia: zile dawa za moyo ulizomtumia Mama zimefika na anazimeza. Presha imeshuka mpaka muuguzi akampima mara mbili, hakuamini kipimo chake.

Lakini nusura tuzikose. Jumatatu nilipotoka kuzichukua stendi, niliweka mfuko juu ya meza ya jikoni, nikaacha mlango wazi, nikaingia kuoga. Akaingia nyani dume, lile zee lililokatika sikio. Kwa nyani, mfuko ukichakarika ni chakula. Akapanda nao juu ya bati la karakana yangu ya kuchomelea, akaanza kuufungua taratibu kama karani. Dozi ya miezi mitatu, Dada, na maduka yote ya dawa hapa hayana.

Mbwa wetu usimtegemee. Siku hizi yeye na nyani ni maswahiba, wanamtoa kupe naye anajilaza. Alitazama tu, mkia unacheza.

Basi nikavaa suruali ya kazi na kofia, nikashika nyundo, nikalipiga lile bati mara tatu. Zee kuniona likaachia mfuko, likaruka ukuta mpaka kwenye mawe huko. Nikahesabu vidonge. Kimepungua kimoja tu, alikitafuna akakitema. Nilikaa chini palepale, nikavihesabu tena kwa furaha.

Jirani yetu seremala alitaka tuwatilie sumu. Mama akamkatalia. Chui akisogea, nyani ndio wanaobweka kwanza, na mbuzi wake wakiwasikia wanarudi nyumbani wenyewe. "Ukiwaua, utakuja kubweka wewe?" Seremala akarudi kwenye mbao zake.

Msalimie shemeji, wapwa zangu, na Shangazi ukimwona, mwambie mguu wangu umepona. Mungu akurudishie mara kumi ulichomtolea Mama.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi Cheche

Dada, Mama amekataa nibandike bahasha mpaka nimsomee barua, nimemsomea, na sasa amenisimamia mlangoni. Nyani hawaniogopi. Wanaogopa mwanamume yeyote na kuwadharau wanawake, ndiyo maana Mama akienda kuchunga huvaa suruali yangu na kofia. Siku ile nilitoka bafuni nimevaa gauni lake, ndilo lililokuwa karibu. Nyani akanionyesha meno, nikarudi ndani nikajifungia. Aliyepiga bati ni Mama.