Injini Mpya Imekubali, Dada Hajui

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na kama ni kucheka cheka kwanza halafu unisome, maana mficha uchi hazai na mimi nimeficha hadi nimechoka.

Mimi ni dobi, kutwa niko na pasi na mvuke, wateja wangu mazungumzo yao ni kola na mikunjo, wakishachukua nguo zao basi, nafunga duka narudi nyumba ya marehemu mama ambako siku hizi tunaishi mimi na friji. Starehe yangu ni kutengeneza michezo ya kompyuta, na michezo hiyo hutengenezwa ndani ya programu inayoitwa injini, ndiyo inayojua mtu akiruka aanguke vipi na mlango ukigongwa ulie vipi. Nimejaribu nyingi na zile za moyoni nimezipa majina. Kuna Bwana Mkubwa, huyo anatoa milima na jua hadi unatamani kuvaa kofia, ila kompyuta yangu inahema kama imepanda ngazi. Kuna Kijana, mpya, mwepesi, wa bure, hana maringo, na anawaunganisha wachezaji walio mbali kwa mtandao. Lakini kipenzi changu ni Bibi, injini ya zamani iliyokuja kwenye sidii, picha zake vidoadoa, sauti zake za mbu, na nadhani hata waliomtengeneza wameshamsahau. Bibi hajui mtandao, mkitaka kucheza wawili lazima mkae kwenye kibodi moja, bega kwa bega.

Humo ndani ya Bibi, mimi na dada yangu, kabla hajaolewa mbali, tulitengeneza mchezo wetu: mvua inakuja, mnashindana kuanua nguo kwenye kamba, na atakayeacha shuka la mama liloe ndiye kashindwa. Dada akiona anashindwa ananipiga kiwiko, na hicho kiwiko, Mshauri, hakuna injini iliyokiweka, kilikuwa chetu. Sasa nacheza peke yangu, mkono wa kulia ni mimi na wa kushoto ni dada, na wa kushoto hushindwa kila mara hadi namwonea huruma naacha.

Juzi dada akapiga simu akaniomba nimhamishie mchezo kwa Kijana ili tucheze kila mtu akiwa kwake. Nikaufanyia kazi, ukakubali, mvua inanyesha vizuri kuliko zamani. Nikafurahi, halafu nikawaza, huyu kila akija hata chai hajanywa anasema washa Bibi tucheze, sasa akiweza kucheza akiwa kwake atakuja kufanya nini kwa dobi? Nikamwambia dada kwamba Kijana amegoma. Nikadhani yameisha, kumbe kaomba likizo kazini, anasema, "Mdogo wangu, usihangaike peke yako, nakuja tuuhamishe pamoja." Anafika mwisho wa wiki. Niufute ule mpya asijue, au nifanyeje? Akigundua nimemdanganya naogopa hatakuja tena.

Ni mimi, Mikono Miwili

*

Mikono Miwili, marahaba. Nilipoona neno injini nilitaka kuipeleka barua yako kwa fundi gari, afadhali niliendelea kusoma. Kwanza kabisa, usifute kitu.

Pole, baba. Nyumba aliyoiacha mama ina kimya chake, na mtu mzima anayeshindana na mkono wake wa kushoto hanichekeshi hata kidogo. Ila pole isikupe kichwa. Umemdanganya mtu anayekupenda, tena kwa jambo ambalo angelipigia vigelegele, na njia ya mwongo ni fupi. Huyo ndiye aliyeutengeneza mchezo na wewe. Akikaa mbele ya kompyuta yako atajua tu. Ukifuta, utakuwa umedanganya mara mbili na mchezo umeupoteza.

Halafu isome barua yako mwenyewe. Nani anaomba likizo kazini, anaacha nyumba na mumewe, kwa ajili ya programu ya vidoadoa? Wewe unayeona doa la chai kwenye shati la kahawia, hilo hukuliona? Ulimwambia injini imegoma, yeye akasikia mdogo wake kakwama. Na kweli umekwama, hapo wala hukusema uongo.

Bibi mwache alipo, kipenzi ni kipenzi. Kijana naye ni wa siku za kawaida, dada kwake na wewe kwako, viwiko mtapigana kwa maneno. Hakuna anayemfukuza mwenzake.

Sasa mpigie simu kabla hajapanda basi. Usimwandikie ujumbe, kwenye maandishi wewe unajificha. Na usianze kumweleza habari za mtandao. Sema hivi: "Dada, mchezo ulishakubali. Nilikudanganya. Njoo hivyo hivyo."

Atakugombeza, mwache amalize. Kisha muulize anafika saa ngapi, ufue shuka la kitanda chake, na uhakikishe umelianua kabla ya mvua.