Amplifaya ya Radi na Mkono wa Mdogo Wake

KITUO CHA POLISI, CHUMBA CHA MAELEZO

Kosa linalochunguzwa: wizi wa amplifaya
Shahidi: mwanamke; jina kamili limo kwenye jalada. Kwa watu anaitwa Mama Besi
Umri: miaka 44
Kazi: fundi cherehani, pia mpiga gitaa la besi
Makazi: ghorofa ya kwanza, nyuma ya soko la mbao
Tarehe na saa: Jumanne tarehe 15, saa nne na nusu asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, baada ya kuonywa nisiongeze chumvi wala nisifiche kitu.

Siku za kazi nashona sare za shule. Jumamosi napiga besi katika bendi ya watu watano inayopigia harusi na sherehe. Mlalamikaji, ambaye sisi tunamwita Radi, ndiye mpiga solo wetu. Nimepiga naye muda mrefu. Namwita kaka, na mkewe namwita wifi, ingawa hatukunyonya ziwa moja. Mtuhumiwa ni mdogo wake Radi wa kumfuata. Anapaka rangi nyumba za watu. Hana ubaya na mtu, ila akianza kusimulia habari za mpira huondoki.

Afisa ameniuliza amplifaya ni kitu gani hasa mpaka ndugu wafikishane polisi. Ni lile sanduku ambalo waya wa gitaa huchomekwa ili gitaa lisikike. Za siku hizi ni nyepesi. Ya Radi ni ya zamani, ya vali. Ndani ina vioo kama taa ndogo, na lazima vioo hivyo vipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Ina spika nne na mbao nene. Kuinyanyua kunataka watu wawili walioshiba. Kwenye bendi tunaiita Ng'ombe, kwa sababu ukimsukuma haendi, ukimvuta haendi. Akiwashwa kwenye ukumbi wenye nyaya mbovu, taa za ukumbi zinafifia kwanza, kama zinamwamkia.

Afisa ameniuliza kwa nini basi asitafute nyingine. Kiongozi wa bendi alishamtafutia. Alileta ndogo, unaibeba kwa mkono mmoja kama kikapu cha sokoni. Radi aliichomeka, akapiga kidogo, akachomoa. Alisema, "Maneno yote inayasema, lakini haipumui." Kiongozi alikasirika. Na mimi, kwa kuwa nimeonywa nisifiche, nasema Radi hakukosea. Ile kubwa ikipata moto, noti haikatiki. Inavimba, inakaa hewani, halafu inageuka yenyewe kuwa kitu kingine, kama mtu anayeanza kucheka akaishia kulia. Nikiwa nimesimama kando yake naisikia kwenye magoti. Nimewahi kuona bibi harusi akiacha kukata keki ili asikilize.

Lakini ndoa hiyo ya Radi na sanduku lake ina gharama. Ukiipunguza ili wazee waongee, inalala. Utamu wake unakuja tu ikifunguliwa kupita nusu, na ikifika hapo hakuna ukumbi unaoitosha. Hoteli mbili zimetukataa. Sikio langu la kushoto linalia kama mbu, hata sasa ninapoongea. Na mgongo wa Radi ndio ulioharibika kabisa, maana hamwamini mtu mwingine kuibeba. Daktari alimwambia kitu cha kubeba mwisho wake ni ndoo ya maji, tena isijae.

Jumamosi tarehe 12 tulikuwa na harusi. Kwenye saa kumi jioni Radi na mpiga ngoma waliipandisha jukwaani. Nilisikia Radi akisema, "Ngoja," kwa sauti ndogo. Nilipogeuka alikuwa amepiga magoti, ameiegemea, uso umemtoka jasho. Tulidhani anachungulia waya. Hakuweza kusimama. Alipiga harusi nzima akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na alipiga vizuri kuliko siku zote, jambo ambalo halikusaidia. Mkewe alikuja kumchukua. Wifi hakupiga kelele. Aliiangalia ile amplifaya kama mwanamke anavyomwangalia mke mwenzie, halafu akamshika mumewe kwapani wakaondoka.

Mnamo Jumatatu tarehe 14, saa tisa alasiri, nilikwenda kwenye chumba chetu cha mazoezi. Chumba kipo ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Nilikuwa na mkoba wangu wa kazi na nyuzi mpya za besi. Ngazi ni nyembamba, na katikati zinakata kona. Nilipofika kwenye kona niliona watu wawili wanateremka na amplifaya. Wa chini, aliyekuwa akishuka kinyumenyume, alikuwa mtuhumiwa. Wa juu alikuwa msukuma mkokoteni ambaye simjui.

Nilimuuliza mtuhumiwa, "Wewe, unaipeleka wapi?"

Alinijibu bila kugeuka, "Kwa fundi redio, dada. Usiniongeleshe, nitaangusha."

Niliingia kwenye kona nikajibana ukutani ili wapite. Hapo hapo msukuma mkokoteni alisema, "Inateleza! Inateleza, bwana!" Na ikamtoka.

Naomba sehemu hii iandikwe kama ninavyoisema. Kwenye kona nilipokuwa, nafasi ya mtu wa pili ilikuwepo. Nilimwambia mtuhumiwa, "Ruka huku! Iachie!" Alinisikia, kwa sababu alinitazama usoni. Angeweza kuruka. Amplifaya ingeteremka peke yake mpaka mlangoni, na leo tungekuwa tunaongea habari za kuni. Hakuruka. Alipiga goti, akaweka bega, halafu akaingiza mkono wa kulia chini yake isidunde kwenye ngazi. Ilimbana mkono kati ya mbao na ukingo wa sementi. Nilisikia mlio wa mfupa. Amplifaya ilisimama.

Alisema tu, "Dada, imekwaruzika?"

Msukuma mkokoteni alikimbia chini akipiga kelele za msaada. Mlinzi wa duka la magodoro alitoka. Ni mgeni pale, hajamaliza wiki, na alikuwa ameambiwa vyombo vya bendi havitoki bila Radi mwenyewe. Alipoona mtu asiyemjua na chombo cha bendi, akapiga ukelele, "Mwizi!" Simlaumu, alifanya kazi yake. Ila neno hilo likishatoka mdomoni halirudi. Watu walipanda kutoka soko la mbao la jirani, na watu wa soko la mbao hawatembei mikono mitupu. Mmoja alimpiga mtuhumiwa begani kwa ubao. Mtuhumiwa hakuweza hata kujikinga, mkono mmoja ulikuwa chini ya mzigo, na wa pili alikuwa ameushikia mzigo huohuo.

Nilisimama mbele yake. Nilisema, "Anayemtaka huyu aanze na mimi, na mkobani nina mkasi wa kukatia kitambaa." Afisa, mkasi ulikuwepo kweli, lakini sikuutoa. Mzee mmoja wa mbao alisema, "Mama, tupishe." Nilimwambia, "Baba, wezi wa siku hizi wanaulalia mzigo ili usichubuke? Tumieni macho!" Walitazama. Ubao ukashushwa. Wanaume wanne ndio walioiinua amplifaya na kuutoa ule mkono. Sitaueleza ulivyokuwa, daktari ameandika.

Radi alifika akitokea barabarani, anatembea kwa kushika ukuta. Mlinzi alikuwa amempigia simu. Watu walimpisha njia. Kitu cha kwanza alichofanya aliinama kwenye amplifaya, akachungulia kwa nyuma, akaingiza vidole, akahesabu vali kwa midomo bila sauti. Akasema, "Zipo. Zote nzima." Mdogo wake alikuwa ameketi ngazi moja juu yake, ameupakata mkono wake kama mtoto mchanga. Ndipo Radi akainua kichwa akamwona.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, kaka."

"Hukuniuliza."

Mtuhumiwa aliuvuta mkono wake kifuani.

Askari wawili walifika kabla ya saa kumi. Walimuuliza Radi kama chombo ni chake. Alisema ndiyo. Walimuuliza kama amemruhusu mtu kukitoa. Alisema hapana. Wakati huo wifi alifika mbio, kanga imemvuka kichwani, akasema mbele ya wote, "Ufunguo nimempa mimi. Mimi ndiye niliyemtuma. Kama ni wizi, nifungeni na mimi."

Radi alimwambia, "Na wewe hukuniuliza."

Wifi alisema, "Nimekuuliza mwaka mzima, baba. Jumamosi nimekufunga viatu, nimekupandisha kitandani kama gunia. Unataka nikuulize kwa lugha gani?"

Nilidhani yamekwisha. Lakini Radi ana ukaidi, na mgongo ulikuwa unamuuma, na watu walikuwa wanatazama. Aliwaambia askari, "Kitu changu kimetolewa bila ruhusa yangu. Mpelekeni." Mtuhumiwa aliondoka nao kwa miguu yake. Nilisikia walimpitisha hospitali kwanza, akafungwa plasta, ndipo wakamleta hapa mahabusu. Wifi alirudi nyumbani bila kumngoja mumewe. Wale wanaume wanne waliirudisha amplifaya chumbani, nami niliyewafungulia njia nikaacha nyuzi zangu humo.

Leo Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, nilipita chumba cha mazoezi kuchukua nyuzi nilizozisahau. Mlango ulikuwa wazi. Radi alikuwemo. Amplifaya ilikuwa imewashwa, vioo vimeshika ile rangi yake ya kaa la moto, na gitaa lilikuwa mapajani mwake. Alipiga noti moja. Ilikaa kama inavyokaaga, ikajaza chumba, madirisha yakatetemeka. Ilikuwa safi, haikuwa na ufa wowote. Aliiachia mpaka ikaisha yenyewe.

Akasema, "Umesikia? Imeshuka ngazi zote zile na haikupata hata jeraha."

Nilimwambia, "Haikushuka, kaka. Ilizuiwa."

Aliniuliza jana niliona nini. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, habari ya kona, nafasi iliyokuwepo na jinsi nilivyomwambia aruke. Alinikatisha, "Na akakuangalia?" Nikasema aliniangalia. "Na hakuruka?" Nikasema hakuruka, na alipobanwa aliuliza kama imekwaruzika. Radi alizifunika nyuzi kwa kiganja. Halafu akaniuliza swali ambalo nililiogopa. "Mama Besi, nilipofika pale, nilimtazama nani kwanza?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia, "Ulitazama vali."

Alizima amplifaya. Hakuufunga hata mlango, nimeufunga mimi. Tulikuja hapa kituoni kwa miguu, polepole, kwa sababu hawezi kwenda haraka.

Saa tatu na nusu, mbele ya koplo wa zamu, mtuhumiwa aliletwa kaunta. Niliyasikia maneno yao kwa kuwa nilikuwa nimemshika Radi mkono.

Radi alisema, "Ulikuwa unaipeleka kwa fundi ikafanywe nini? Haikuwa mbovu."

Mtuhumiwa alisema, "Ningemwambia aikawize. Unawajua mafundi, kaka, hata usipowaambia wanakawiza."

"Aikawize mpaka lini?"

"Mpaka mgongo upone. Au mpaka uache kuiulizia."

"Nisingeacha."

"Najua. Nilimwambia shemeji hivyohivyo."

Radi alimuuliza, "Sasa mtu unataka kitu kiondoke, kinaondoka chenyewe, unakizuia. Kwa nini hukuiachia?"

Mtuhumiwa alisema, "Nilitaka kuiachia. Kichwa kilikubali kabisa. Halafu nikakukumbuka unavyokuwa ukiipiga, kaka. Nyumbani huwa huna uso ule."

Radi alicheka kidogo, halafu akageukia bango la matangazo ukutani akalisoma muda mrefu. Sidhani kama alisoma kitu. Alipogeuka alimuuliza koplo, kwa heshima, mtu akitaka kuyafuta malalamiko yake anaongea na nani. Koplo alisema kwanza yachukuliwe maelezo ya aliyeshuhudia. Ndiyo sababu niko mbele yako.

Afisa ameniuliza kwa maoni yangu kama huu ulikuwa wizi. Mimi si hakimu. Alitoa kitu cha mtu bila kumwambia mwenyewe, hilo ni kweli na halipendezi. Yaliyobaki nimeyaeleza.

Afisa pia ameniuliza amplifaya itakwenda wapi sasa. Sijui. Wakati tunakuja njiani Radi alisema ile ndogo anaweza kuijaribu tena kwenye harusi ya Jumamosi, na kubwa ikae chumbani, mwenye kutaka kuisikia apande ngazi mwenyewe. Nilimwambia aanze kwa kumwambia mkewe. Alisema mkewe hajaongea naye tangu jana. Nikasema basi leo atapata nafasi ya kuongea bila kukatizwa.

Nimeishia hapo. Nimesomewa niliyoyasema na ni yaleyale niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa sikio langu, la kulia.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika na kumsomea shahidi, akakubali na kusaini mbele yangu saa sita kasorobo. Askari wawili walitumwa kuleta amplifaya kama kidhibiti. Wamerudi bila nayo na kueleza kuwa haibebeki. Mlalamikaji amefuta malalamiko kwa maandishi. Mtuhumiwa ameachiwa saa saba mchana na kurudishiwa mali yake: simu, mkanda, na kamba za viatu. Kwa hali ya mkono wake hakuweza kujifunga kamba. Askari alitaka kumsaidia, mlalamikaji akakataa, akainama kumfunga yeye mwenyewe. Ilichukua muda. Tulingoja.