Magugu Tuliyomwagia Jirani

Shikamoo shangazi wa gazetini, nakuandikia kwa sababu ana kwa ana ningenyamaza tu. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, na mashamba ya huku kwetu yamevamiwa na gugu karoti, lile la maua meupe linalowasha ngozi, basi wenye mashamba wakaunda umoja, baba akawa mwenyekiti, wakakubaliana kila mtu ang'oe kwake, na sisi tuling'oa kweli, baba anang'oa, mimi nasukuma toroli hadi mpakani kwa jirani yetu fundi cherehani, namwaga hapo kwa kuwa baba alisema, "Likishang'oka limekufa hilo, mwaga tu." Sasa shamba la fundi ni jeupe kwa maua, majirani wanasema mama huyo ni mvivu, anawaharibia, na mwisho wa mwezi kuna kikao cha kumtoa kwenye umoja, na peke yake hataliweza gugu hilo, ataacha kulima. Juzi nimesoma maktaba kwamba gugu hilo likishachanua, mbegu zake huota hata baada ya kung'olewa. Nilipoanza kumweleza baba alicheka, "Profesa, vitabu havishiki jembe," akaendelea kung'oa. Jana fundi ameniuliza, "Mwanangu, kwani nimewakosea nini?" Nikageuza toroli nikaondoka. Nifanyeje bila kumwaibisha baba?

Msukuma Toroli

Marahaba, Msukuma Toroli. Pole, lakini mtu anasingiziwa, ukweli unao, halafu unaniandikia mimi? Mimi nina shamba huko?

Baba yako hakufanya kwa ubaya, kwa hiyo mpe nafasi ya kusema mwenyewe. Usimhubirie. Leo jioni mpeleke mpakani, fukueni lile rundo, mwonyeshe miche inavyochipua humo humo. Kisha mwambie, "Baba, naomba jambo hili uliseme wewe kikaoni. Ukishindwa, nitasimama mimi." Na usimame kweli, hata sauti ikitetemeka.

Habari ya kila mtu kwake mwiache. Vaeni glavu, siku moja shamba moja, watu wote, mkianza na la fundi, na mng'oe kabla halijachanua. Lililokwisha kuchanua lifungeni kwenye viroba mkalichome. Mkishikamana hivyo, msimu hadi msimu litapungua, nina imani.

Lakini kwa fundi nenda kabla ya kikao. Usianze na habari za mbegu. Anza na "nisamehe."