Mtoto Hakatwi Kilo

Chepseon, 9 Machi 2024

Mwanangu Janeffer,

Chamgei. Habari ya Doha na hilo joto lenu? Sisi tuko wazima. Kiplimo wako amefikisha miezi minane na hajakusahau, simu ikilia anageuza shingo.

Uliniagiza nimpime kila mwezi nijaze kitabu cha kliniki. Zahanati ni mbali, foleni ni ya siku nzima, na majani ya chai hayangoji mtu. Kwa hivyo nilimpeleka kituo cha majani pamoja na gunia langu. Karani Oyugi alimtundika kwenye mzani ndani ya shuka. Kilo nane. Unajua kila gunia linakatwa kilo moja ya uzito wa gunia lenyewe, nikamuuliza, na huyu utamkata? Akasema, "Zii, mathe, mtoto hakatwi kilo." Laini yote ilicheka. Alama nimeweka kitabuni.

Mama yako

Doha, 15 Machi 2024

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana. Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo nyingi, watoto wa huyu mama ninayemfanyia kazi ni wanne. Ile picha ya kitabu uliyotuma kwa simu pamoja na barua nimeipata. Nimeuchora huo mstari wa uzito wake kwenye karatasi nikaubandika ndani ya kabati langu, naongeza alama kila ukiniandikia. Mwambie Oyugi asante.

Binti yako

Chepseon, 2 Julai 2024

Mwanangu,

U hali gani? Sisi tunasukuma, ila baridi ya Julai imeingia na ukungu hautoki hadi saa tano. Nimemvalisha Kiplimo sweta mbili, kofia na suruali ya sufu, halafu shuka ile nzito. Mzani umesema kilo tisa, mstari unapanda.

Usinunue nguo nyingine, zile ulizoacha bado zinamtosha. Hajasimama, lakini hata wewe ulikuwa mvivu. Uji anaukataa, anataka chai ya maziwa tu, mtoto wa majani kabisa.

Mama yako

Doha, 5 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Hiyo ya nguo imenichekesha, angalau ananipunguzia safari za dukani. Alama ya kilo tisa nimeweka.

Binti yako

Kericho, 24 Julai 2024

Janeffer,

Tuko hospitali tangu jana. Ameharisha siku tatu. Sista alimvua nguo zote, hata soksi, akampima. Kilo sita na nusu. Akamzungushia mkononi utepe wa kupima kama mtoto amekonda, ukasimama kwenye nyekundu. Alipofungua kitabu akaufuata mstari wangu kwa kidole, halafu akaniuliza mtoto huyu alikuwa anapimiwa wapi. Omba, mwanangu. Naogopa.

Mama yako

Doha, 25 Julai 2024

Mama, ulikuwa unampima na nguo? Nijibu.

Janeffer

Chepseon, 19 Agosti 2024

Mwanangu,

Sijui nikuulize hali namna gani. Tangu mjomba wako Kiptum akupigie kukuambia Kiplimo ametuacha, hujaniandikia, na sikulaumu.

Uliniuliza swali na sikulijibu. Jana nilibeba ile shuka, sweta mbili, kofia na suruali, nikampa Oyugi azitundike. Kilo mbili na nusu. Nimepeleka majani miaka thelathini nikijua gunia lina uzito wake, na mjukuu wangu nikampima pamoja na gunia. Hilo ndilo jibu langu.

Nguo nimezifua. Niambie nizipeleke wapi.

Mama yako

Doha, 8 Septemba 2024

Mama,

Chamgei. Unakula? Usiniambie uko mzima kama hauko.

Nimekukasirikia sana, sitaficha. Halafu juzi nikasoma barua zako tena. Uliniandikia kwamba nguo nilizomwachia bado zinamtosha mtoto wa mwaka mzima, na mimi mamake nikacheka. Huku nawanunulia watoto wa wenyewe viatu vipya kila baada ya miezi mitatu.

Ile karatasi ya kabatini nimeitoa. Nguo usimpe mtu. Zikunje uziweke kitandani kwangu, nakuja Disemba.

Binti yako