Njoo na Kipande cha Sabuni

Kwa dada yangu Mwanaisha, Chumbi.

Dada, shikamoo. Mguu wako umepona? Mwanangu Mwajuma je, homa imemwacha? Mimi mzima, ila mkono wa kulia umeungua, nitakwambia kwa nini. Naandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kwa herufi za chuo cha Kurani. Mwalimu anayekusomea asicheke, mimi chuo nilikikimbia mapema.

Jirani yako Mama Zuhura amefika salama huku kwenye mikoko. Tulikuwa tumeshaondoka aliponiambia kuwa mko hai, mmejificha kwenye mashamba ya mpunga. Na kwamba alikuita mje mtoni, ukakataa. Ulisema, "Mashua ya Mdachi sipandi." Kumbe nilikuwa karibu yenu hivyo, nami niko chini nashughulika na injini. Iliniuma. Lakini sikulaumu. Sikiliza kwanza yaliyotupata.

Injini ile inakula mafuta ya taa. Yanapita kwenye mrija mwembamba wa shaba. Chini yake kuna taa, inawaka muda wote, bila hiyo haiendi. Fundi wake anaumwa, kwa hiyo tulikuwa mimi na Nahodha Faki tu. Yeye usukani, mimi injini na kukumba maji yanayoingia mashuani.

Tulipopita kona ya kwanza nikasikia harufu. Mrija umepasuka. Mafuta yanadondoka tone tone, karibu na taa, na mashua imejaa wanawake na watoto mpaka ukingoni. Nikapuliza taa. Injini ikafa. Mkondo ukaanza kutupeleka ng'ambo, kwa watu wa maji wanaopigana na Mdachi. Wao wakiiona mashua ile hawaulizi nani yumo, wanapiga.

Nahodha akaniambia, "We si mziba mashua wewe? Ziba basi!"

Nikaziba kama nizibavyo mbao. Nikachambua pamba, ile ile tuliyochapiwa viboko kuilima. Nikaipaka shahamu ya mnyama, nikaizungusha kwenye ufa, nikakaza kwa uzi wa makumbi. Pakakauka. Nahodha akasema, "Huyu hata mto angeuziba." Nikavimba kichwa, nikawasha taa.

Hatujafika mbali, shahamu ikayeyuka yote. Dada, shahamu inashindana na maji. Mafuta ya taa yanaila. Miaka yote nimezuia maji tu, hilo sikulijua. Tone likaangukia taa, moto ukadaka mkono wangu. Watoto wakapiga kelele, wengine wakataka kujitupa kwa viboko wa mtoni. Nikaufunika moto kwa gunia bichi, ukafa.

Mama Zuhura akaja kwa magoti mpaka nilipo. "Nyie wanaume, mmewahi kutunza mafuta ya taa nyumbani?" Akafungua pindo la kaniki yake, akatoa kipande cha sabuni.

Nahodha akamwambia, "Mama, umekimbia vita na sabuni? Mchele umeacha?"

"Mchele nitaomba. Sabuni nani atanipa? Debe langu likitoboka naziba kwa hii, na mafuta hayaondoki. Toa hiyo pamba yako, shemeji, pamba haijamfaa mtu nchi hii."

Watu wakacheka, dada. Ng'ambo tunaona majani yanatikisika, na watu wanacheka.

Akailainisha sabuni kwa mate, mimi nikaishindilia ndani ya ufa. Akachana pindo la kaniki tukafunga juu yake. Nikangoja. Halikudondoka hata tone. Nikawasha taa kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshababuka. Injini ikakohoa, ikashika. Njiani tuliongeza sabuni mara mbili, tukafika wote.

Sasa neno langu. Mashua hii ndiyo iliyowaleta askari waliochoma kwenu. Kweli. Na mimi nilikuwemo nakumba maji siku hiyo, sikufungua mdomo. Ukitaka kunitemea mate, njoo unitemee huku.

Mwezi ukiandama Nahodha anapanda mto tena kuja kwenu. Mzungu anayekata boriti huku anataka wanawake wa kumenya maganda ya mikoko. Si huruma, anataka mikono. Lakini huku hapachomwi, na samaki wapo. Jiandikishe kwa Nahodha. Wakiuliza mume, sema wewe mjane. Jina la mumeo usilitaje. Kama hajarudi tangu alipokunywa ile dawa ya watu wa maji, usimngoje. Akiwa hai anajua mto unakwenda wapi.

Mama yake Mwajuma nilimzika mwenyewe. Mtoto sitaki kuzikiwa na watu. Mlete.

Nisalimie shangazi mkunga, mwambie naye nafasi ipo. Mpe mwalimu wa chuo salamu na ahsante ya kusoma. Mzee wetu wa msikitini atuombee dua.

Mrija haujapona. Mrija mwingine Mzungu ameagiza, haujaja. Sabuni ya Mama Zuhura imebaki ukubwa wa kucha, na yeye amekataa kuifulia hata nguo ya mtoto. Anasema hii ya Mwanaisha. Ya kwenda inatosha. Ya kurudi haitoshi.

Kwa hiyo usibebe chungu, usibebe mkeka. Mshike Mwajuma mkono, na pindoni funga kipande cha sabuni. Mimi nitakuwa chini pale pale, nakungojeni.

Mimi nduguyo wa tumbo moja,
Omari