Tangi la Matumbawe Sebuleni kwa Mama

Winson Green, Birmingham

Kaka Dekow,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Nairobi, wewe na mkeo na wakwe zako. Mimi sijambo. Mama pia ni mzima, ingawa hujauliza. Kila ukipiga simu unaulizia samaki. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatiza, na leo sitaki kukatizwa.

Nakumbuka ulivyotutambia lile tangi lako la samaki na matumbawe. Ulisema umelipanga lisimsumbue mtu: chini halina mchanga wa kusafishwa, matumbawe ni yale sugu, konokono watalamba vioo, na maji yakipungua pampu itaongeza yenyewe. Dakika kumi tu kwa wiki, ulituambia, kisha ukapanda ndege ukaenda kuoa. Rahisi kwa nani, Dekow? Pampu inavuta maji ndooni, na ndoo anaijaza Mama. Kile kikombe kinachonuka cha mashine ya kutoa uchafu anakimwaga Mama, na magoti yake unayajua. Mwanamume mzima, huna haya!

Hayo angeyavumilia. Kilichomshinda ni uunsi, ule ubani wetu wa kufukiza. Tangu tukiwa watoto Garissa, nyumba ya Mama hufukizwa kila jioni, na mgeni haondoki kabla ya kupitishiwa chetezo. Wewe ukaliweka tangi pale pale anapofukizia, na mashine yako ya kutoa uchafu inavuta hewa ya chumbani na kuipuliza majini, pamoja na moshi. Matumbawe yakaanza kujikunja. Badala ya kukiri kwamba ulipanga vibaya, ulimpigia Mama ukamwamuru aache kufukiza. Aliposema nyumba ni yake, ukamjibu kwamba asichokielewa asikiguse.

Basi akaacha. Shoga yake Falis alikuja, akaondoka hivi hivi bila hata kunukia, na Mama akaona aibu mno hata hakualika mtu tena. Kisha nikamkuta amekaa sebuleni kwake peke yake, amejitanda mtandio kama yuko sokoni. Nilipomuuliza, akanionyesha kamera uliyoitundika ili uwaone samaki wako. Aliniambia siku moja ulimsemesha kupitia hapo, akasikia nyuma yako wanaume wakicheka. Shemeji zako, Dekow, wanamtazama mama yetu ndani ya nyumba yake! Nilikuchukia siku ile, na bado sijaacha.

Sasa huoni kitu kwenye simu yako na unadhani mtandao umekatika. Mtandao ni mzima; kamera ndiyo iliyoondolewa. Na kabla hujaanza kunitukana, si mimi. Ijumaa nilimkuta Jaspal, yule Singasinga aliyekulia Kisumu, mwenye duka la samaki wa kufuga Soho Road, akitoa matumbawe yako kwa ndoo. Mama mwenyewe ndiye aliyemwita. Nilipomshauri angoje urudi, akasema amekungoja vya kutosha.

Baadaye Mama alileta fundi akabadilisha kitasa cha mlango. Nikamwomba ufunguo nikuwekee, akakataa. Mkirudi, mtapiga kengele kama watu wengine.

Wasalimie wakwe zako wote. Mama anamsalimu mkeo na kumwombea dua. Kwako hakunipa salamu, nami sikutungii.

Dada yako,
Barwako